Ladi Kwali, mama mfinyanzi aliyepeleka vyungu vya kijiji chake hadi London

Kwenye noti ya naira 20 ya Nigeria, upande wa nyuma, kuna picha ya mama mmoja akifinyanga chungu. Mama huyo ni Ladi Kwali. Hakupitia shule ya kawaida, lakini alikufa akiwa na cheo cha daktari wa heshima.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1925 katika kijiji cha Kwali, katikati ya Nigeria, kwa watu wa kabila la Gwari. Kwa Kihausa, Ladi ni jina la msichana aliyezaliwa siku ya Mungu. Kwao, kufinyanga ilikuwa kazi ya akina mama, na tangu utotoni alifundishwa na mama mmoja wa jamaa yake.

Hawakutumia mashine yoyote. Mfinyanzi alipiga bonge la udongo kwa ngumi hadi likawa na shimo, akaongeza kamba za udongo moja juu ya nyingine, huku akizunguka chungu kwa miguu yake. Alilainisha kwa kipande cha kibuyu, kisha akachora mijusi, nge, nyoka na mamba. Mwishoni vyungu vilichomwa mahali pa wazi, kwa moto wa majani makavu na kuni.

Vyungu vya Ladi vilipendwa kwa uzuri wake, na vingine viliwekwa katika nyumba ya Emir wa Abuja, Suleiman Barau. Hapo ndipo Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyetumwa na serikali ya kikoloni, alipoviona. Cardew alikuwa amefungua kituo cha kufundisha ufinyanzi katika mji wa Abuja, ambao leo unaitwa Suleja. Wanafunzi wote walikuwa wanaume. Mwaka wa 1954 Ladi aliingia, akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa pale.

Alijifunza mengi kwa haraka: kutumia gurudumu la mfinyanzi, kupaka chungu maji ya mawe na majivu yanayogeuka kioo motoni, na kuchoma katika tanuru la kuni lenye joto la karibu digrii 1.300. Alitengeneza mabakuli na majagi kwa gurudumu. Lakini mitungi mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, akiizunguka kama zamani, na wanyama wa Kwali hawakuondoka. Baadaye akina mama wengine wa Gwari walimfuata katika kituo hicho.

Mabadiliko hayo yalikuwa na bei yake. Chungu cha kijijini hupoza maji kwa sababu udongo wake unapitisha unyevu kidogo kidogo. Mtungi uliofunikwa kwa kioo haupitishi kitu, basi haupozi maji. Kazi mpya za Ladi zilinunuliwa zaidi na wazungu na wapenda sanaa, zikawekwa kwenye meza na katika majumba ya makumbusho. Chombo cha kuteka maji kikawa kitu cha kutazamwa.

Mwaka wa 1958 kazi za kituo zilionyeshwa London, na sifa za Ladi zikaenea. Alisafiri Uingereza na Marekani, akifinyanga mbele ya wanafunzi na walimu. Uingereza ilimpa nishani ya MBE mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kilimpa udaktari wa heshima, na mwaka wa 1980 serikali ya Nigeria ikampa nishani yake kubwa ya wasomi na wasanii.

Ladi Kwali alikufa tarehe 12 Agosti 1984. Kituo alichoingia akiwa mwanamke peke yake kilipewa jina lake.