Abraham Lincoln na Karatasi ya Uhuru



Katika somo la historia darasa letu liligawanyika juu ya Abraham Lincoln, prezida wa 16 wa Marekani. Wamoja walisema yeye ndiye aliyewafungua watumwa. Wengine wakajibu: hapana, ile amri yake ya mwaka 1863 ilikuwa karatasi tu. Kengele ikalia, tukatoka bila kupatana. Basi tumesoma maisha yake, na tunawaletea hapa yale tuliyoyaona.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika nyumba ya miti huko Kentucky. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Alipokuwa na miaka tisa mama yake akafa. Siku zote alizokaa masomoni, ukizijumlisha, hazitimizi mwaka mmoja. Lakini aliazima vitabu, akasoma Biblia, akajifundisha sheria yeye mwenyewe, na mwaka 1836 akapata ruhusa ya kuwa avoka katika jimbo la Illinois.

Kufika mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, watu weusi, wengi wao wakilima pamba kusini. Lincoln aliuchukia utumwa, lakini hakusema uondolewe mara moja. Alitaka tu usienee katika nchi mpya za magharibi. Hata hilo mabwana wa kusini hawakulikubali. Alipochaguliwa Novemba 1860, kwa kura zisizofika 40 kwa mia, majimbo yao yakaanza kujitenga, mwisho yakawa 11. Vita vikaanza Aprili 1861.

Mwanzoni Lincoln alisema anapigana kwa kulinda umoja wa nchi, basi. Sababu ilikuwa nini? Majimbo manne yenye watumwa, yaani Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, yalibaki upande wake, naye aliogopa kuyapoteza. Lakini watumwa wenyewe hawakungoja. Tangu Mei 1861 walikimbilia ngome ya Fort Monroe huko Virginia, na jenerali wa pale akakataa kuwarudisha kwa mabwana zao. Frederick Douglass, ambaye aliwahi kuwa mtumwa, pamoja na wakristo wengi na wabunge wa chama cha Republican, walizidi kumsukuma prezida.

Tarehe 22 Julai 1862 Lincoln aliwasomea mawaziri wake amri aliyoiandika. Waziri Seward akamshauri angoje ushindi kwanza, watu wasidhani ni kilio cha mtu anayeshindwa. Lincoln akaiweka pembeni. Tarehe 17 Septemba jeshi lake likawazuia waasi pale Antietam, na siku tano baadaye akaitangaza: jimbo litakalokuwa bado katika uasi tarehe 1 Januari 1863, watumwa wake watakuwa huru.

Kumbe, si wote waliofurahi! Katika uchaguzi wa mwisho wa mwaka ule, chama cha Democrat kiliongeza viti vyake Bungeni. Askari wengine walinung'unika kwamba hawakuja kupigana juu ya watu weusi. Hata hivyo, chama cha Lincoln na wenzao hawakupoteza Bunge, naye hakurudi nyuma. Siku ya mwaka mpya aliwapa watu mkono kwa saa nyingi, mpaka mkono wake ukatetemeka. Akaweka kalamu chini, akangoja kidogo, maana hakutaka mtu aone sahihi mbaya na kudhani aliogopa. Ndipo akatia sahihi.

Je, ilikuwa karatasi tu? Wenzetu waliosema hivyo wana haki kidogo. Amri haikugusa yale majimbo manne, wala Tennessee, wala sehemu fulani za Virginia na Louisiana. Lakini katika visiwa vya South Carolina, ambako jeshi la Lincoln lilikuwa limekwisha kuingia, maelfu walipata uhuru siku ile ile. Na tangu hapo, kila mahali jeshi lilipofika, uhuru ulifika pia. Uingereza nayo, ambayo viwanda vyake vilitaka pamba ya kusini, iliona vigumu kuwaunga mkono wenye watumwa.

Amri ilifungua pia mlango wa jeshi. Watu weusi karibu 180,000 wakawa askari. Walilipwa dola 10 kwa mwezi, na 3 zikakatwa kwa ajili ya nguo, wakati mweupe alipata 13. Agosti 1863 Douglass alikwenda mwenyewe kwa Lincoln kulalamika. Juni 1864 Bunge likasawazisha mshahara.

Lincoln alijua kwamba amri ya vita inaweza kufa vita vikiisha. Kwa hiyo alitaka Katiba yenyewe ikataze utumwa. Mara ya kwanza Baraza la Wawakilishi halikutoa kura za kutosha. Alipochaguliwa tena Novemba 1864, alitafuta kura za wajumbe kwa bidii, na tarehe 31 Januari 1865 walikubali 119, wakakataa 56.

Tarehe 14 Aprili 1865 alipigwa risasi katika ukumbi wa michezo huko Washington, akafa kesho yake asubuhi. Kama Musa, aliiona nchi kwa mbali tu. Habari ya uhuru ilitangazwa Galveston, Texas, tarehe 19 Juni, miaka miwili na nusu baada ya amri. Badiliko la Katiba lilithibitishwa tarehe 6 Desemba, na ndipo watumwa wa Kentucky, jimbo alikozaliwa, walipofunguliwa. Lakini wengi walitoka bila shamba, na sheria nyingine za kusini ziliwaonea kwa miaka mingi.

Basi, wenzetu, tuliona kwamba pande zote mbili darasani zilishika nusu ya kweli. Lincoln alitia sahihi, na hilo si jambo dogo. Lakini karatasi ile ilibebwa na waliokimbia usiku, waliopiga kura, na waliokufa vitani. Sisi pia tuna sheria nzuri nyingi zilizoandikwa. Tukizisoma, tujiulize ni nani atakayezibeba.