Elliott Kamwana na Mwaka wa 1914

Hazipiti siku nyingi bila kusikia mahali fulani mhubiri akitangaza kwamba unyakuo u karibu, na pengine hata akitaja mwezi na mwaka wake. Wengine hubishana kwa ukali kama waamini watanyakuliwa kabla ya dhiki kuu, au katikati yake, au baada yake. Mabishano hayo si ya kale sana. Fundisho la kwamba waamini watatwaliwa kabla ya dhiki lilienezwa na John Nelson Darby wa Uingereza tangu miaka ya 1830 hivi. Basi tumeona yafaa kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja wa ziwa letu la Nyasa, ambaye alitaja mwaka, na mwaka ukafika.

Mtu huyo ni Elliott Kenan Kamwana, wa kabila la Watonga, kutoka pande za Nkhata Bay katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mvuvi aliyesimama Mbamba Bay jioni na kutazama jua likizama ng'ambo, anatazama upande wa nchi ya Kamwana. Alisoma katika shule za misioni ya Waskoti huko Bandawe, kisha katika chuo chao cha Overtoun, naye alikuwa mwanafunzi mwenye akili. Lakini shule zilipoanza kudai karo, aliondoka mwaka 1901. Jambo hilo wasomaji walikumbuke, kwa maana lina uzito katika habari yote inayofuata.

Kamwana alikwenda kusini, akajiunga na Joseph Booth, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akihama kutoka dhehebu moja hadi jingine. Baadaye alifanya kazi hospitalini katika migodi ya Johannesburg, huku akihubiri. Booth naye alikuwa amekutana na Charles Taze Russell wa Marekani, mwenye gazeti la Mnara wa Mlinzi. Russell na wenzake walikuwa wametazamia kunyakuliwa mwaka 1878, lakini hawakunyakuliwa. Wakahesabu tena, wakaja kuutegemea sana mwaka 1914. Kutoka kwa Booth, Kamwana alilipokea fundisho hilo, akarudi nalo kwao mwaka 1908.

Yaliyofuata yaliwashangaza wote. Kwa muda wa miezi michache tu, mpaka katikati ya mwaka 1909, alibatiza watu zaidi ya 9,000. Aliwahubiria kwamba Kristu atakuja Oktoba 1914. Kwamba utawala wa wageni utakwisha na kodi itakoma. Kwamba shule zitafundisha bila karo. Serikali ya Waingereza iliingiwa na hofu, ikamwondoa nchini mwaka ule ule wa 1909, ijapokuwa hakuwaamuru watu kushika silaha.

Mwaka 1914 ukawadia, na kwa kweli ulikuja kwa kishindo. Mwezi Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa mpaka Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaipiga kwa mizinga meli yao Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Ndivyo Vita Kuu vilivyofika katika pwani yetu. Mtu aliyekuwa amesikia mahubiri ya Kamwana angewezaje kutoamini kwamba saa imefika? Oktoba ikaja, Oktoba ikapita. Utawala haukuondoka, wala kodi haikukoma. Badala yake, wanaume walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi.

Januari 1915 John Chilembwe aliwaongoza watu wake katika uasi kusini mwa nchi ile. Kamwana hakushiriki, lakini serikali ilimkamata hata hivyo, ikampeleka uhamishoni Mauritius, kisha Shelisheli. Hakurudi kwao hadi mwaka 1937. Tangu hapo aliliongoza kanisa lake mwenyewe, lililoitwa Mlondo, yaani Mlinzi, mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliishi miaka 42 baada ya mwaka ule ambao baada yake, kwa hesabu yake, dunia ya zamani isingalikuwapo.

Wako watakaocheka. Sisi hatucheki. Wale 9,000 hawakuwa wajinga. Walikuwa wazazi waliotaka watoto wao wasome nao hawakuwa na karo. Walikuwa watu waliotozwa kodi ya nyumba na kulazimika kuvuka mipaka kutafuta fedha ya kuilipa. Walikuwa wakatekumeni waliongojeshwa miaka mingi mlangoni pa kanisa. Tarehe ilikuwa ya uongo, lakini njaa yao ilikuwa ya kweli. Mahali ambapo Wakristo hawawashughulikii wenye njaa ya namna hiyo, atakuja mtu mwingine mwenye kalenda mkononi.

Wala tusidhani kwamba hatari hiyo ni ya madhehebu mengine tu. Huko Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto wakiwa chini ya viongozi waliotabiri mwisho wa dunia. Na viongozi hao walitoka katika Kanisa Katoliki, mmoja wao akiwa padri. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga chakula hadi kufa wakitumaini kumwona Kristu. Kamwana hakumwua mtu. Lakini anayejitwalia siku ambayo Baba peke yake anaijua hawezi kupima mzigo anaowatwika wanaomwamini.

Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike juu ya kunyakuliwa mawinguni, hakuwapa hesabu ya miaka. Aliwafariji waliofiwa, ili wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Na aliposikia kwamba wengine wao wanazurura bila kazi, aliwaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Kanisa nalo lakiri kila Dominika kwamba Kristu atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Lakini halitaji siku, wala halifundishi ujio wa siri kabla ya ule wa utukufu.

Mmatengo achimbaye ngoro katika mteremko wa mlima hajui kama ataiona mvua ijayo, wala apandaye mche wa kahawa hajui kama atavuna. Hata hivyo huchimba na kupanda. Huko ndiko kukesha. Mlinzi wa usiku hakesha kwa sababu ameambiwa saa ya mwizi. Hukesha kwa sababu hajaambiwa.

Basi, enyi wazazi, akija mtu nyumbani kwenu na tarehe ya unyakuo, msimtukane, wala msimfuate. Msiuze shamba, msiwaondoe watoto shuleni, msiache dawa za mgonjwa. Tena mtazameni jirani yenu aliyekwisha kumfuata, mkamwulize kwa upole amekosa nini kwetu hata akakitafuta kule.