Aliyeinuka chini ya mretemu

Mpendwa msomaji, umewahi kufanya uamuzi kwa nia njema, kisha ukawaletea msiba watu unaowapenda? Pengine ulimhimiza mtoto asafiri, naye hakurudi. Watu wanakuambia si kosa lako, lakini usiku unapofika moyo unakushitaki upya. Kama unaubeba mzigo huo, nakuomba utembee nami leo katika maisha ya Matt Busby.

Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Scotland. Akiwa na miaka 7, baba yake aliuawa vitani. Kijana huyo naye alionja kazi ya mgodini, na nusura ahamie Marekani pamoja na mama yake, lakini mwaka 1928 Manchester City ikamsajili. Alianza kwa shida kama mshambuliaji, hata akakata tamaa. Aliporudishwa nyuma kucheza kiungo, ndipo kipaji chake kikaonekana. Mwaka 1934 alitwaa Kombe la FA, na miaka miwili baadaye akahamia Liverpool.

Mwaka 1945 alipewa kazi ya kuifundisha Manchester United, ambayo uwanja wake ulikuwa umebomolewa kwa mabomu ya vita. Busby aliwakusanya vijana wadogo, akawalea kama wanawe, nao wakatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1956 na 1957. Viongozi wa ligi hawakutaka timu yake ishiriki Kombe la Ulaya. Yeye akashikilia msimamo: tutakwenda.

Februari 6, 1958, wakitoka Belgrade, ndege yao ilitua Munich kujaza mafuta. Njia ya ndege ilikuwa na theluji iliyoanza kuyeyuka. Rubani alijaribu kuruka mara mbili, ikashindikana. Mara ya tatu ndege ikaanguka. Watu 23 walipoteza maisha, wakiwemo wachezaji 8. Busby, Mkatoliki wa tangu utotoni, alipewa Mpako wa Wagonjwa mara mbili, maana hakuna aliyetarajia apone.

Hospitalini walimficha habari za vifo. Alipozidi kudai ukweli, alimtajia mkewe, Jean, jina moja moja la vijana wake. Kwa kila aliyekufa, Jean alitikisa kichwa. Msomaji wangu, hebu jiweke kwenye kitanda kile.

Busby alijilaumu. Ni yeye aliyewapeleka Ulaya. Kwa nini hakuzuia jaribio lile la tatu? Aliona afadhali aachane na mpira kabisa. Lakini Jean alimwambia kwamba waliokufa wangependa aendelee na kazi. Akainuka, akatembea kwa magongo, akarudi kwa vijana waliobaki.

Unamkumbuka nabii Eliya, aliyeketi chini ya mretemu akiomba afe? Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika amguse, ampe mkate na maji, kisha akamrudishia kazi yake, maana safari ilikuwa bado ndefu. Kwa Busby, aliyetumwa na mkate na maji alikuwa mkewe.

Miaka 10 baadaye, Mei 29, 1968, timu yake iliifunga Benfica mabao 4-1 katika muda wa nyongeza huko Wembley, ikawa timu ya kwanza ya Uingereza iliyo chini ya FA kutwaa Kombe la Ulaya. Uwanjani walikuwepo Bobby Charlton na Bill Foulkes, walionusurika Munich.

Lakini usidhani kombe lile lilifuta makaburi. Halikumrudisha hata kijana mmoja, na Busby aliwakumbuka hadi alipofariki mwaka 1994, akiwa na miaka 84. Neema aliyoipata haikuwa kusahau. Ilikuwa nguvu ya kuwatumikia walio hai huku akiwabeba waliokufa moyoni.

Nawe unayejishitaki kila usiku, peleka kesi hiyo mbele za Mungu, kwa maana hukumu si kazi yako. Kisha inuka, ule, unywe. Wapo waliobaki wanaokuhitaji. Na kama mzigo huo si wako, mtazame jirani yako kanisani leo. Huenda wewe ndiye uliyetumwa kumpelekea mkate.

Nakutakia Jumapili njema.