Mathias Mnyampala wa Ugogo na Gharama ya Maisha

Ndugu msomaji, mara nyingi twasikia watu wakilalamika kwamba wangefanya jambo kubwa lau wangekuwa na wakati, au lau wangezaliwa mahali penye vitabu, au lau lugha inayotakiwa ingekuwa ile waliyolelewa nayo. Mimi ni mwalimu, na malalamiko haya nayasikia kila muhula. Basi nakuomba twende pamoja Ugogo, katika nchi kavu ya Dodoma, tukamtazame mtu ambaye hakuwa na hata kimoja katika hivyo vitatu, naye ameacha vitabu ambavyo wengi wetu tulio na vyote vitatu hatukuviandika.

Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba, 1917, huko Muntundya, Ihumwa, upande wa mashariki ya mji wa Dodoma. Uutafakari mwaka huo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika Ugogo kama nzige. Jeshi la Wajerumani lilitwaa ng'ombe, nafaka na wapagazi, na Waingereza walipokuja nao wakatwaa vivyo hivyo. Kisha mvua ikakatika. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, nayo ilidumu hata mwaka 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa msiba huo na akaishi, tayari alikuwa ameshinda jambo lililowashinda wengi.

Utotoni alichunga mifugo, kama watoto wote wa Kigogo. Baadaye akapata elimu katika shule za misheni ya Kikatoliki, akawa Mkristo na akabaki Mkristo hata kufa kwake, nasi hatuna haja ya kulificha jambo hilo wala kulionea haya: mja wa Mungu aliyefanya kazi kwa bidii anastahili kusimuliwa kwa haki. Alianza kazi kwa ualimu. Kisha akaingia katika utumishi wa serikali, akawa karani, na baadaye hakimu. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Kiswahili alijifunza kama mgeni ajifunzavyo adabu za nyumba asiyoizaliwa, naye akaidhibiti nyumba hiyo hata wenyeji wakamkubali miongoni mwa washairi wao wakubwa.

Aliupata wapi wakati? Mimi naona siri yake ni kwamba hakuitazama kazi ya mshahara kama adui wa kazi ya kalamu. Karani na hakimu hukutana na watu kila siku: mzee mwenye shauri la mipaka ya shamba, mjane mwenye shauri la mirathi, koo mbili zinazogombea ng'ombe wa mahari. Mtu mvivu huona hapo usumbufu mtupu. Mnyampala aliona chuo. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, ambamo aliandika asili ya koo, jinsi watu walivyohamia Ugogo kutoka pande mbalimbali wakawa kabila moja, habari za watemi, na habari za mvua, ambayo katika nchi ile ndiyo jambo la kwanza na la mwisho.

Yafaa hapa nikukumbushe jambo lililotokea katika Ugogo huohuo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga huko Kongwa. Walileta matrekta na mabingwa, wakafyeka misitu, wala hawakuchukua muda wa kutosha kuujua udongo, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, wala mvua, ambayo haina ahadi. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa katika hesabu za serikali ya Uingereza. Wenye fedha walianza na jibu kabla hawajalisikia swali. Mwana wa Ihumwa hakuwa na trekta, lakini aliijua nchi aliyokuwa akiiandikia, na baada ya kitabu cha historia aliandika kingine mahsusi juu ya Ugogo na ardhi yake.

Mwaka uleule wa 1954 kilitoka pia kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, ambacho wasomaji wetu wengi wanakijua. Sheikh Amri alitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika; Mnyampala alitoka uwanda wa kati. Hao wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, wote wa bara, walilithibitisha jambo moja: kwamba vina na mizani si mali ya watu wa pwani peke yao. Atakaye kuvijua avihesabu, mizani nane na nane katika mshororo, mpaka sikio lizoee.

Mnyampala hakuridhika na aina moja ya maandishi. Mwaka 1961 kilitoka kisa chake cha mrina asali na wenzake wawili. Ikafuata diwani iliyobeba jina lake. Mwaka 1963 ukatoka utenzi wake wa Enjili, na baadaye akazitia Zaburi katika utenzi vilevile. Wazia, ndugu msomaji: utenzi ni bahari ambayo mashairi wa pwani, Waislamu, waliitumia kwa karne nyingi kusimulia maisha ya Mtume (s.a.w.) na vita vya masahaba wake. Yeye alikichukua chombo hicho bila kukibadili, akakipakia shehena yake. Shehena si yetu. Lakini ustadi wa nahodha hatuwezi kuukana.

Kazi iliyomfanya ajulikane kuliko zote ni ngonjera. Alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waisaidie nchi kulieleza Azimio kwa wananchi. Hapo palikuwa na tatizo la kweli. Wananchi wengi hawakujua kusoma, na hotuba huchosha. Mnyampala alitazama malumbano ya washairi, ambamo mtu hutunga na mwenzake humjibu, mara nyingi kwa mashindano yasiyo na mwisho, akayasimamisha jukwaani. Katika ngonjera yake huja mmoja na shaka au ujinga wake, wala haoni haya kuusema, mwingine humjibu, yule hushindana naye, huuliza tena, na hatimaye wote huafikiana. Nani asiyeona hapo mkono wa hakimu? Pande zote mbili husikilizwa kabla ya hukumu kutolewa. Ni kweli kwamba katika baadhi ya ngonjera mwenye shaka hushindwa upesi mno, kana kwamba kesi iliamuliwa nyumbani. Jambo hilo ni udhaifu, nami sitalitetea. Lakini mtindo wenyewe ulienea hata kukawa hakuna shule ambayo watoto hawakusimama mbele ya mgeni wakajibizana kwa ngonjera.

Yeye mwenyewe hakuziona zikichapishwa. Alifariki Dodoma tarehe 8 Juni, 1969, akiwa na umri wa miaka 51. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971. Historia yake ya Wagogo ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1995, ikiwa imefasiriwa na kuhaririwa na mwanahistoria Gregory Maddox, ili wasomi wa ng'ambo nao waisome. Na miongoni mwa miswada aliyoiacha ulikuwamo mmoja alioandika juu ya maisha yake mwenyewe, tangu machungani hata kazi za serikali. Aliuita Maisha ni Kugharimia. Mswada huo ulingoja miaka 44, ukapigwa chapa mwaka 2013.