John Rolfe na Utamu wa Tumbaku ya Virginia

Wako watu ulimwenguni wanunuao tumbaku leo ili waje kuivuta baada ya miaka kumi. Huufunga mkebe barabara, huandika tarehe kwa nje, kisha huuweka kabatini, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Mtoto akizaliwa siku hiyo, mkebe utakuja kufunguliwa naye amekwisha khitimu chuoni.

Jambo hili si geni sana kwa mtu wa pwani. Sisi twajua kuwa achari ya jana si sawa na achari iliyokaa chupani ikawiva, na kwamba mafuta ya udi yaliyowekwa miaka mingi huwa yametulia harufu, hayapigi pua kwa vishindo. Lakini si kila tumbaku huvumilia kuwekwa namna hiyo. Ile ya Ladhiqiya katika nchi ya Shamu, ambayo hukaushwa kwa moshi wa kuni, hupungua harufu kadiri miaka ipitavyo. Izidiyo utamu kwa kukaa ni ile iitwayo Virginia. Na jina la Virginia haliwezi kutajwa katika habari za tumbaku bila ya kumtaja mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mtu huyo si mwingine bali ni Mwingereza John Rolfe.

Wengi wamjuao Rolfe humjua kwa sababu ya mkewe, Pocahontas, ambaye habari zake zimeandikwa vitabuni na kuchezwa katika sinema. Sisi leo tutamtazama kwa njia nyingine, yaani kwa habari ya ladha aliyoitafuta, na gharama ya ladha hiyo.

TUFANI BAHARINI

Rolfe alizaliwa mwaka wa 1585 huko Heacham, katika jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza. Alipokuwa kijana, uvutaji wa kiko ulikuwa umeenea London kama moto wa makuti. Mabwana walivuta, mabaharia walivuta, hata mafundi na wachuuzi walivuta, wakitumia viko vidogo vya udongo mweupe. Mfalme James wa Kwanza aliichukia tumbaku hata akaandika kijitabu cha kuilaani mwaka wa 1604, na akaipandishia ushuru mno. Watu hawakumsikiliza. Waliendelea kuinunua kwa bei kubwa, na fedha zao zikaenda kwa Wahispania, kwani wao ndio waliomiliki nchi za Amerika zilizotoa majani mazuri.

Mwaka wa 1609 Rolfe na mkewe walipanda jahazi iitwayo Sea Venture, wakaelekea Virginia, ambako Waingereza walikuwa wamefungua makao ya Jamestown miaka miwili nyuma. Njiani walipatwa na tufani kubwa. Chombo kilivuja siku kadhaa, watu wakiteka maji usiku na mchana, mwishowe kikapanda miamba ya kisiwa cha Bermuda. Watu 150 hivi walitoka salama. Walikaa kisiwani miezi tisa wakijenga majahazi mawili kwa mbao za hapo na mabaki ya chombo chao. Huko mke wa Rolfe alijifungua binti, wakampa jina la kisiwa hicho, Bermuda, lakini mtoto hakuishi. Mama naye alifariki asiione nchi waliyoikusudia, au aliiona kwa siku chache tu.

Rolfe alifika Jamestown mwezi wa Mei mwaka wa 1610, mjane wa miaka 25. Huko alikuta balaa jingine. Njaa ya kipupwe ilikuwa imewamaliza watu, wakabakia 60 hivi kati ya mamia. Kampuni ya London iliyowapeleka ilikuwa imejaribu kutengeneza vioo, kufua chuma na hata kufuga nondo wa hariri, isipate faida. Nchi ile ilikuwa karibu kuachwa.

JANI LENYE KUUMA ULIMI

Wenyeji wa Virginia walikuwa na tumbaku yao tangu kale, nao waliivuta katika ibada na katika mabaraza ya suluhu. Lakini mmea wao ulikuwa wa aina nyingine, mfupi, wenye majani madogo na ukali mwingi. Waingereza waliouvuta walisema unauma ulimi. Hakuna mfanyabiashara wa London ambaye angeununua ilhali ana tumbaku laini ya Wahispania.

Rolfe, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, ndiye aliyeona kuwa kasoro haikuwa katika udongo bali katika mbegu. Akapata mbegu za tumbaku ya Wahispania, ile iliyostawi Trinidad na Caracas, na ilipofika mwaka wa 1612 alikuwa ameipanda Virginia. Basi akawa mtu wa kupanda, kukata, kukausha, kuonja na kuanza tena. Mwanzoni majani yalilundikwa chini yakauke kwa jua, na mengi yakaoza. Kama mwaka wa 1618 mkulima mmoja aitwaye Lambert aligundua kuwa yakitundikwa kwenye kamba huwa bora zaidi. Polepole wakajifunza namna ya kulitunza jani.

Shehena ya kwanza ilifika London mwaka wa 1614. Haikuishinda ile ya Kihispania mara moja, lakini ilivutika, na bei yake ilikuwa nafuu. Mwaka wa 1617 Virginia ilipeleka ratili 20,000 hivi. Mwaka uliofuata zikazidi maradufu. Watu wakashikwa na wazimu wa tumbaku, wakaipanda hata katika njia za mji na kuacha kulima chakula, mpaka ikatolewa amri kwamba kila mkulima apande mahindi kwanza. Tumbaku ikawa ndiyo sarafu. Kasisi alilipwa kwa tumbaku. Na wanawake walipoletwa kutoka Uingereza ili waolewe, mwenye kutaka kuoa alitakiwa kulipa nauli ya bibi arusi kwa ratili 120 za jani zuri, na baadaye ratili 150.

NDOA NA MSIBA

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1614 Rolfe alimwoa Pocahontas, ambaye jina lake jingine ni Matoaka, binti wa Powhatan, mtawala wa makabila ya nchi ile. Binti huyo alikuwa ametekwa na Waingereza mwaka mmoja kabla, akafundishwa dini yao na kupewa jina la Rebecca. Ndoa hiyo ilileta amani ya miaka kadhaa, na katika amani hiyo mashamba ya tumbaku yakapanuka ndani ya ardhi ya wenyeji. Walizaa mtoto mmoja wa kiume, Thomas.

Mwaka wa 1616 kampuni iliwapeleka Uingereza ili watu wamwone binti wa mtawala na wapate hamu ya kutia mali yao Virginia. Alikaribishwa hata katika jumba la mfalme yule yule aliyeichukia tumbaku. Lakini walipokuwa wakianza safari ya kurudi, mwezi wa Machi mwaka wa 1617, Pocahontas aliugua akafia Gravesend, kando ya mto Thames, naye hajafikisha umri wa miaka 25. Mtoto naye alikuwa mgonjwa, akaachwa alelewe Uingereza. Rolfe akarudi peke yake kwenye mashamba yake, wala hakumwona tena mwanawe.

Alioa mke wa tatu, akapata binti mwingine. Alifariki mwaka wa 1622, umri wake miaka 37 hivi tu. Mwaka huo huo, tarehe 22 Machi, wenyeji waliochoka kunyang'anywa ardhi waliwashambulia Waingereza wakawaua 347.

BARUA YA MWAKA WA 1620

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi aliloliacha Rolfe, ukiondoa mbegu, ni barua. Mwezi wa Januari mwaka wa 1620 alimwandikia mkubwa wa kampuni huko London habari za nchi. Ndani yake, katikati ya maneno ya biashara, alieleza kwamba mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka wa 1619 iliwasili manowari moja pale Point Comfort, nayo haikuleta bidhaa ila Waafrika ishirini na kitu, ambao walibadilishwa kwa chakula.

Watu hao walikuwa wametekwa Angola na kupakiwa katika merikebu ya Wareno iliyokuwa ikielekea Mexico. Maharamia wa Kiingereza wakaivamia baharini na kuwapora kama mzigo. Rolfe hakuyaandika majina yao. Ratili za tumbaku zilihesabiwa vizuri, lakini watu wakaandikwa ishirini na kitu, kama kwamba yule mmoja au wawili waliozidi hawana maana. Tumbaku hutaka mikono mingi, na jani alilolifanya tamu ndilo lililofanya mikono hiyo itafutwe kwa minyororo miaka zaidi ya 200 baadaye. Sisi wa pwani hii, ambao tunaijua historia ya utumwa katika bandari zetu wenyewe, hatuhitaji kuelezwa maana yake.

MOTO WA STEPHEN

Tumbaku ya Rolfe haikuwa na rangi ya dhahabu kama Virginia ya siku hizi. Yasemwa kuwa rangi hiyo ilipatikana mwaka wa 1839 katika jimbo jirani la North Carolina, kwenye shamba la Mzungu aitwaye Slade. Alikuwapo hapo kijana mtumwa, jina lake Stephen, mhunzi, aliyewekwa kulinda moto wa banda la kukaushia. Usiku alipitiwa na usingizi. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzimika, akakimbilia makaa ya kiwandani kwake akayatia. Joto likapanda ghafla bila ya moshi, na majani yakageuka manjano yenye kung'aa.

Siri yake ni hii. Jani likikauka polepole kwa hewa tu, sukari yake huliwa na jani lenyewe. Likikaushwa kwa joto kali lililopimwa, sukari hubakia. Baadaye ikabuniwa mitambo ya kupitisha joto katika mabomba, na ndiyo njia inayotumiwa hata na wakulima wa Urambo na Tabora katika mabani yao. Wao huiita tumbaku ya mvuke.

Na sukari hiyo ndiyo inayofanya Virginia izidi kuwa tamu mkebeni. Majani hushindiliwa yakawa kama mkate bapa, yakakatwa vipande vyembamba na kufungwa. Ndani ya mkebe usioingia hewa, kazi huendelea kimyakimya mwaka baada ya mwaka. Ukali hupungua na rangi hugeuka kutoka manjano kuwa kahawia. Harufu ya majani makavu na ganda la ndimu hutoweka, na mahali pake huja harufu ya zabibu kavu, tini na mkate uliotoka tanurini. Mjuzi haiwashi papo hapo. Hunusa kwanza, huiacha ipate hewa, kisha hujaza kiko bila ya kushindilia. Huvuta kwa utaratibu, kama mtu anywaye kahawa tungu ya moto, na moshi huuzungusha kinywani asiumeze. Mwenye pupa huunguza ulimi wake, wala haipati ladha ile.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Masheikh wamebishana juu ya tumbaku tangu ilipoingia nchi za Kiislamu. Wengine waliiita haramu, wengine makuruhu, na wengine, kama Sheikh Abdulghani al-Nabulsi wa Damascus aliyefariki mwaka wa 1731, waliitetea kuwa halali. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka wa 1633 na kuwaua waliokaidi. Zama hizo hakuna aliyejua yale ambayo madaktari wamekwisha kuyathibitisha, kwamba moshi wake huleta saratani ya mapafu, koo, mdomo na ulimi, hata kwa mvutaji kiko asiyeumeza. Ulimi ule ule unaoonja utamu ndio unaodhurika.

Basi si lazima mtu aivute tumbaku ndipo aijue habari yake. Mkebe mmoja wa Virginia iliyowekwa miaka 20 una mbegu ya Rolfe, una moto wa Stephen, una ardhi ya watu wa Powhatan na jasho la wale ishirini na kitu kutoka Angola. Rolfe alitafuta jani lisiloumwa na ulimi wa watu wa London, akalipata. Jina lake limebakia vitabuni. Wengi wa waliolilima jani hilo hawakuandikwa majina, lakini bila ya mikono yao mkebe huo usingekuwa na kitu cha kunusa.