Max von Stephanitz: Ofisa wa farasi aliyempatia mbwa wa mchungaji daftari

MBWA wa aina ya German Shepherd hahitaji kutambulishwa kwa msomaji. Yupo kwenye vikosi vya polisi, analinda mageti ya makampuni Dar es Salaam na Nairobi, na kila anayeuza watoto wake hudai kuwa wa kwake ndio halisi.

Lakini uhalisi huo aliupima nani, na kwa kipimo gani? Kujua hilo inabidi kurudi Ujerumani ya mwaka 1899, kwa mwanajeshi mstaafu ambaye inasemekana tangu ujana alitamani kuwa mkulima.

Max von Stephanitz alizaliwa mjini Dresden Desemba 30, 1864, katika familia ya tabaka la juu. Kwa familia za namna hiyo wakati ule, kijana kuingia jeshini lilikuwa jambo la kawaida kabisa, naye akawa ofisa wa kikosi cha farasi. Kwa kipindi fulani alipangiwa kazi katika chuo cha mifugo cha Berlin, na huko alijifunza mambo ya mifupa, mwendo na urithi wa wanyama ambayo yalimfaa maisha yake yote.

Aliacha jeshi mwishoni mwa miaka ya 1890 akiwa na cheo cha kapteni. Inaelezwa kuwa sababu ilikuwa ndoa yake na mwigizaji wa maigizo ya jukwaani, jambo ambalo maofisa wenzake waliliona halilingani na hadhi yao. Akahamia Grafrath, karibu na Munich, akaanza kufuga.

Uzio unaotembea

Ili kuelewa alichokipenda katika mbwa hawa, ni vizuri kufahamu kazi yao shambani. Vijijini Ujerumani mashamba yalikuwa vipande vyembamba vilivyopakana bila uzio. Kondoo walipitishwa kwenye njia na kulishwa kwenye makapi baada ya mavuno, huku pembeni yao, hatua chache tu, kukiwa na ngano au viazi vya mtu mwingine.

Mfugaji yeyote aliyewahi kupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi ya jirani anajua gharama ya jambo hilo. Mchungaji wa Kijerumani alimtegemea mbwa. Mbwa alikimbia kwa mwendo wa mchomo juu ya mpaka, kwenda na kurudi kutwa nzima, naye ndiye aliyekuwa uzio. Kondoo aliyevuka alirudishwa, na mbwa aliyemjeruhi kondoo hakuwa na kazi.

Kwa hiyo mchungaji hakujali masikio wala rangi. Alitaka mnyama asiyechoka, mwenye akili, anayetii na asiye na woga. Kila mkoa ulikuwa na mbwa wake: wengine wenye masikio yaliyosimama, wengine yaliyolala, wengine wenye mkia uliojikunja. Aina moja ya kitaifa haikuwepo.

Jambo lililomtia Stephanitz wasiwasi ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa inakwisha. Pamba ya kondoo kutoka Australia na kwingineko ilikuwa imeshusha bei. Ujerumani ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 20 katika miaka ya 1860, lakini kufikia mwaka 1900 walibaki chini ya milioni 10. Mchungaji akiondoka, mbwa wake anaondoka naye.

Tayari kulikuwa na jaribio moja lililoshindwa. Chama kilichoitwa Phylax kilianzishwa mwaka 1891 ili kuunganisha mbwa hawa, kikavunjika baada ya miaka mitatu hivi. Wanachama walivutana kuhusu mwelekeo, na wengi walivutiwa zaidi na sura ya mbwa kuliko kazi yake.

Namba moja

Mwezi Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, Stephanitz aliona dume mmoja wa rangi ya mbwa mwitu aitwaye Hektor Linksrhein. Alikuwa na umbo imara, mwendo mzuri na tabia ya kuchunga bila kufundishwa sana. Akamnunua na kumbadilisha jina, akamwita Horand von Grafrath, yaani Horand wa Grafrath.

Aprili 22 mwaka huo huo, akiwa na rafiki yake Artur Meyer na wenzao wachache, akaanzisha Chama cha Mbwa wa Mchungaji wa Kijerumani, kinachofahamika kwa herufi SV. Waanzilishi hawakuwa mabwana wakubwa pekee. Walikuwamo wachungaji wakuu wa kondoo, wenye viwanda, meya na mwenye nyumba ya wageni. Stephanitz akawa mwenyekiti.

Hatua ya kwanza ilikuwa kufungua daftari la ukoo. Kila mbwa aliyekubaliwa alipewa namba, na mbele yake yakaandikwa majina ya baba na mama. Namba moja ilikwenda kwa Horand. Septemba 20, 1899, wanachama walikutana Frankfurt na kupitisha maelezo ya mbwa anayetakiwa, yaliyoandaliwa na Stephanitz na Meyer. Msimamo wake ulikuwa mmoja, kwamba uzuri wa mbwa wa kazi ni uwezo wake wa kufanya kazi.

Daftari lilikuwa pia chombo cha biashara. Jina la banda, kama hilo la von Grafrath, lilisajiliwa kwa mwenye banda mmoja tu. Mnunuzi aliyekuwa mamia ya kilomita mbali aliweza kujua mtoto wa mbwa ametoka kwa nani bila kumwona mfugaji. Muuzaji mdanganyifu alikuwa na cha kupoteza, kwa sababu mtoto asiyesajiliwa alikuwa na bei ya mbwa wa mtaani.

Chama kilikua kwa matawi. Mwanachama alilipa ada, alikuwa na tawi lake la karibu, na alipata habari za chama kupitia gazeti la wanachama: mbwa waliosajiliwa, matokeo ya maonyesho, maamuzi ya uongozi. Kwenye matawi waliwekwa washauri wa uzalishaji. Hawa walifika kwa mfugaji nyumbani, wakaangalia dume na jike kabla ya kupandishwa, na wakarudi watoto walipozaliwa. Idadi ya watoto ambao mama mmoja angeachiwa kunyonyesha iliwekewa kikomo, na waliozidi walihitaji kutafutiwa jike mwingine wa kuwanyonyesha.

Si kila mwanachama alifurahia mgeni kuingia bandani mwake na kumpangia. Lakini sharti lilikuwa wazi, na asiyetaka kukaguliwa asingepata hati.

Ili kuifanya aina ijulikane haraka, wafugaji wa mwanzo walizalisha ndani ya ukoo mmoja. Mtoto wa Horand aliyeitwa Hektor von Schwaben alikuwa bingwa wa mwaka 1900 na 1901. Hektor alipandishwa kwa Thekla, ambaye naye alikuwa binti wa Horand, wakazaliwa Beowulf na Pilot, na kutoka kwao ukoo ukasambaa nchi nzima. Ni njia ya mkato. Sura inatulia mapema, lakini kasoro nazo hutulia pamoja nayo, kama wanavyojua wanakijiji waliotumia beberu mmoja miaka kumi mfululizo. Stephanitz aliiona hatari hiyo, na baadaye akawa anahimiza wanachama kuchanganya damu kutoka kwa mbwa wa wachungaji waliokuwa bado malishoni.

Kutafuta soko jipya

Kwa kuwa kondoo walikuwa wanapungua, mbwa alihitaji mwajiri mwingine. Stephanitz aliwageukia polisi. Chama kiliandaa majaribio ya utii, kufuata harufu na kumlinda mtu, ili ofisa wa polisi aone mwenyewe mnyama anafaa kwa nini. Majaribio ya kuchunga kondoo nayo yaliendelea pembeni.

Vita Kuu ya Kwanza ikamaliza ubishi. Mbwa hawa walipeleka ujumbe, walilinda na kutafuta majeruhi. Mwaka 1916 mjini Oldenburg kilianzishwa chuo cha kufundisha mbwa kuwaongoza wanajeshi waliopofuka vitani. Upande wa pili wa mapigano askari waliwaona mbwa hao na kuwapenda, ila jina lao hawakulipenda. Waingereza wakawaita Alsatian, na chama kikuu cha mbwa cha Uingereza hakikurudisha rasmi jina la German Shepherd hadi mwaka 1977. Ndiyo maana wazee wengi katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza bado wanatumia jina hilo la zamani.

Mafanikio yalipogeuka tatizo

Baada ya vita soko lilifurika. Marekani sinema za mbwa Strongheart, aliyetoka Ujerumani, na Rin Tin Tin, aliyeokotwa Ufaransa mwaka 1918 akiwa mdogo, zilifanya kila familia itake mbwa wa namna hiyo. Ujerumani kwenyewe fedha ilikuwa inaporomoka, na mwaka 1923 marki ilikuwa karibu haina thamani. Mtu mwenye jike mmoja na mnunuzi mwenye dola alikuwa na kipato ambacho mshahara usingempa.

Kufikia mwaka huo chama kilikuwa kinatajwa kuwa na wanachama wapatao 50,000 nchini humo, na matawi kwa mamia. Wengi wa wapya hawakuwa na kondoo wala nia ya kumfundisha mbwa. Walizalisha kwa ajili ya kuuza. Mbwa wakaanza kuwa warefu na wazito, wengine waoga au wakali bila sababu, na wengine walikosa baadhi ya meno.

Mwenyekiti aliyejali ada peke yake angenyamaza. Stephanitz hakunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 chama kilianza ukaguzi rasmi wa mbwa wa kuzalishia: mbwa alipimwa, akaangaliwa mwili na tabia, kisha ikaandikwa kama anafaa, na hata ni mwenzi wa namna gani amfaa. Maelezo hayo yalichapishwa, kila mwanachama akayasoma.

Kisha ikaja mwaka 1925. Kwenye maonyesho makuu ya taifa, Stephanitz na wakaguzi wenzake walimpa ubingwa dume aitwaye Klodo von Boxberg. Alikuwa mfupi, mrefu wa kiwiliwili na mwenye hatua ndefu, tofauti kabisa na mbwa warefu waliokuwa wakipendwa. Mtu aliyekuwa amewekeza kwenye mbwa warefu aliona thamani ya banda lake ikishuka siku hiyo hiyo. Kwa kuwa wafugaji humkimbilia bingwa, baada ya vizazi vichache umbo la aina nzima lilikuwa limebadilika. Klodo mwenyewe aliuzwa Marekani.

Uamuzi huo unajadiliwa hadi leo. Wapo wanaoona aliiokoa aina, na wapo wanaosema waliomfuata walipitiliza, mpaka wakapatikana mbwa wa maonyesho wenye mgongo ulioinama nyuma na miguu isiyofaa kuzunguka shamba kutwa. Lawama hiyo ya pili inawahusu zaidi warithi wake, maana yeye alitaka mbwa anayeweza kukimbia siku nzima.

Lawama nyingine ni yake mwenyewe. Aliongoza chama kwa miaka 36, alikuwa mkali na hakupenda kupingwa. Kitabu chake kikubwa kuhusu mbwa hawa, chenye mafunzo mengi ya ufugaji, kina pia kurasa zilizochafuliwa na fikra za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Kipimo cha ukoo alichokitumia kwa mbwa alikihamishia kwa watu, kama walivyofanya wengi wa zama zake, na nchi yake ikaingia katika maangamizi kwa njia hiyo hiyo.

Fikra hizo hazikumsaidia Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933. Serikali mpya ilitaka kila chama kiwe chini yake, hata vya wafuga mbwa, na mzee aliyezoea kuamua mwenyewe akajikuta anaamuliwa. Mwaka 1935, baada ya shinikizo la muda mrefu, aliachia uongozi.

Alifariki dunia Dresden, mji aliozaliwa, Aprili 22, 1936, tarehe ile ile ambayo chama kilianzishwa miaka 37 kabla. Chama hicho kipo, makao yake makuu yako Augsburg, na daftari bado linaandikwa. Mbwa anayesajiliwa humo leo, ukifuata baba zake kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, unafika kwa yule dume wa Karlsruhe mwenye namba moja.