Askofu Edward Steere na Wavulana Watano

Twaona ni haki kumkumbuka Edward Steere katika kitabu hiki cha Jubilii, maana kazi yake imo katika vitabu wasomavyo watoto wetu wa Mafia, toka Kilindoni hata Chole.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, baadaye akawa padre. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Siku zile Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, na majahazi ya watumwa kutoka Kilwa yalipita bahari yetu hii kwenda sokoni. Sultani Majid akawapa wamisionari wavulana watano waliokuwa watumwa, nao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Hawakujua lugha ya mwalimu wao, wala mwalimu hakujua yao.

Hapo Steere alifanya jambo ambalo sisi twaliona kubwa kuliko yote. Hakungoja wavulana wajue Kiingereza. Yeye mwenyewe aliketi na wenyeji wa mji akajifunza Kiswahili, akaandika hadithi walizomsimulia. Mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili, kimoja cha hadithi na kimoja cha kufundishia lugha. Tena misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na wavulana wakafundishwa kupanga herufi, hata masomo ya shule yakatoka katika mikono ya wanafunzi. Lakini wasemao kwamba ndiye aliyetuletea kusoma wakosea. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na watoto wa pwani walikwenda chuoni kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa, na kanisa kuu likaanza kujengwa mahali pale pale. Mwaka 1874 Steere akawekwa kuwa askofu. Katika wale watano, John Swedi akapewa ushemasi mwaka 1879. Na kijana mwingine aliyekombolewa, Cecil Majaliwa, alisoma shule ya Kiungani akawa padre mwaka 1890. Steere hakuiona siku ile. Alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa Kiswahili cha shule. Nasi wa Mafia, wenye matamshi yetu wenyewe, twakisoma hata leo.